Sanduku la Inali: Dini Mbili katika Hati Moja ya Kicherokee

1. Utangulizi

Mwishoni mwa miaka ya 1880, James Mooney, mtafiti wa ofisi ya ethnolojia ya serikali ya Marekani, alifika katika nyumba moja ya magogo katika milima ya North Carolina akitafuta maandishi ya Wacherokee. Aliyempokea alikuwa binti wa marehemu Inali, ambaye kwa Kiingereza aliitwa Black Fox. Binti huyo alimletea mgeni kisanduku kilichojaa karatasi, kisha sanduku la pili kubwa zaidi, na hatimaye mzigo mwingine aliokuja ameukumbatia. Humo mlikuwa na cheti cha mwaka 1848 kilichomruhusu Inali kuhubiri katika kanisa la Methodisti, daftari la nukuu za Biblia, kumbukumbu za baraza la Wolftown, barua za askari wa vita vya 1861 hadi 1865, maneno ya uganga, na mawe ya ramli. Ukiondoa barua na vyeti vya Kiingereza, maandishi hayo yalikuwa kwa Kicherokee, katika hati iliyobuniwa na Mcherokee.

Mooney anasimulia kisa hiki katika The Sacred Formulas of the Cherokees (1891). Anaeleza jinsi kila karatasi ilivyofunguliwa, ikasomwa kiasi cha kujua inahusu nini, kisha ikawekwa katika fungu lake. Jambo hili dogo la kutenga mafungu ndilo lililotuvuta kuandika makala haya. Inali alizihifadhi karatasi zake pamoja, na msomi akazitenga. Tangu hapo, urithi wa Kicherokee umesomwa kwa mafungu: wanaethnografia wakachukua maneno ya uganga, wanahistoria wa misheni wakachukua nyimbo na Agano Jipya, na kila upande ukauliza ni fungu lipi lililokuwa imani ya kweli ya mwenye sanduku.

Azma yetu ni kuonyesha kwamba swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Tunadai kwamba tofauti kubwa kati ya wimbo wa kanisa na maneno ya uganga, kama zilivyotumiwa na watu wa aina ya Inali, ilikuwa tofauti ya fani na hadhira kabla ya kuwa tofauti ya dini. Hoja hii ina uzito kwetu pia, kwa maana uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki umezoea kuusoma mkutano wa Ukristo na jadi kama kesi ambayo lazima mmoja ashinde na mwingine ashindwe.

2. Hati iliyoitangulia Biblia

Wacherokee ni taifa la wenyeji wa kusini-mashariki ya Marekani ya leo. Takriban mwaka 1821, Sequoyah, mtu asiyejua kusoma Kiingereza wala asiyekuwa Mkristo, alikamilisha hati ya silabi ya lugha yake. Hati hiyo, ambayo leo ina alama 85, ilienea upesi pasipo shule wala walimu rasmi. Wakati huohuo msomi wa Boston, John Pickering, alikuwa akiandaa tahajia ya Kicherokee kwa herufi za Kirumi, na baadhi ya wamisionari waliitegemea. Watu waliipuuza. Ilimbidi mmisionari Samuel Worcester akubali kwamba kitabu kisichoandikwa kwa hati ya Sequoyah kisingesomwa. Gazeti la Cherokee Phoenix, chini ya mhariri Elias Boudinot, lilianza kutoka New Echota mnamo Februari 1828. Kitabu cha nyimbo na Injili ya Mathayo vikafuata mwaka 1829, na Agano Jipya lote mwaka 1860.

Mfuatano huu ni muhimu kwa hoja yetu. Katika sehemu nyingi za bara la Afrika kusoma na dini viliingia kwa mlango mmoja. Neno "msomaji" katika baadhi ya lugha zetu lilikuwa na maana ya Mkristo. Kwa Wacherokee, Biblia iliingia katika nyumba iliyokwisha jengwa na wenyeji. Hati haikuwa mali ya kanisa, kwa hiyo kuitumia hakukumfanya mtu kuwa mfuasi wa kanisa. Mhubiri aliandikia nukuu zake na mganga aliandikia dawa zake kwa alama zilezile, na mara nyingine wawili hao walikuwa mtu mmoja. Mooney anamtaja Gahuni, mganga mwingine aliyekuwa pia mhubiri wa Kimethodisti, ambaye daftari lake lilihifadhiwa na mjane wake Ayasta. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Margaret Bender katika Signs of Cherokee Culture (2002) alikuta kwamba miongoni mwa Wacherokee wa Mashariki hati hiyo bado inahusishwa na Biblia na kanisa kwa upande mmoja, na tiba kwa upande mwingine.

Msomaji anayeufahamu mwambao wetu hatashangaa sana. Hati ya Kiarabu iliyobeba Qurani, tenzi na barua za biashara ndiyo iliyobeba vitabu vya falaki. Mwalimu wa chuo huandika aya kwa zafarani katika sahani, akaiosha, na mgonjwa akanywa maji yake. Hilo ndilo kombe. Wapo masheikh waliolikataza na wapo walioliruhusu, lakini hakuna aliyedhani kwamba kalamu iliyoandika kombe haiwezi kuandika utenzi.

3. Jina la Mungu

Neno linalotumika kumtaja Mungu katika Agano Jipya la Kicherokee na katika nyimbo ni Unetlanvhi. Mooney alilikuta neno hilo katika maneno ya uganga likiwa sifa ya jua, na akalifasiri kuwa mgawaji: anayegawa mchana na usiku, anayepima na kutoa kwa kadiri. Wasomaji wa leo hulifasiri zaidi kuwa Muumba au mwenye kuruzuku. Kwa vyovyote vile, neno hili halikubuniwa na misheni. Lilikuwa na maisha yake katika sala za zamani, na likaingia katika sala mpya likiwa na kumbukumbu zake.

Tulinganishe na kisa alichokieleza Okot p'Bitek katika African Religions in Western Scholarship (1970). Anasema kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Swali lenyewe halikuwa na maana katika lugha yao, na wazee walipobanwa wakamtaja Rubanga, yule anayeupinda uti wa mgongo wa mtu akawa kibyongo. Jina la maradhi likawa jina la Mungu. Okot alikitumia kisa hiki kuonyesha kwamba tafsiri ya dini inaweza kuwa kiini macho: mgeni anadhani amelipata wazo lake katika lugha ya mwenyeji, kumbe amelipandikiza.

Hoja ya Okot ni nzito, na hapana budi kuipima dhidi ya mfano wetu. Tofauti iko katika nani aliyeshika kalamu. Boudinot, aliyezaliwa akaitwa Gallegina na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Cornwall, Connecticut, alifanya kazi ya tafsiri bega kwa bega na Worcester, naye alikuwa mwenye lugha. Neno lililochaguliwa lilikuwa tayari la ibada na la heshima. Matokeo yake hayakuwa kwamba Ukristo uliipokonya lugha jina lake tukufu tu. Msomaji wa Kicherokee aliyefungua Mathayo alikutana na Mungu anayegawa, jambo ambalo msomaji wa Kiingereza hakuliona katika neno lake. Sisi tunaomwita Mola kuwa ni mwenye kugawa riziki tunaweza kuihisi ladha hiyo bila maelezo marefu. Tafsiri hapa ilikuwa njia ya pande mbili: dini ilibadilisha matumizi ya neno, na neno likabadilisha sura ya dini.

4. Fani mbili, hadhira mbili

Mooney alikusanya maneno ya uganga yapatayo 600. Yapo ya kutibu baridi yabisi, ya kuwinda, ya mapenzi, ya kujikinga na adui. Muundo wake unafuata kanuni. Mnenaji huziita nguvu zinazokaa katika pande za dunia, na kila upande una rangi yake: mashariki nyekundu ya ushindi, magharibi nyeusi ya mauti, kaskazini buluu ya taabu, kusini nyeupe ya amani. Namba 4 na 7 hutawala marudio. Maneno husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi pamoja na dawa au kando ya mto, na nguvu yake hutegemea kutojulikana na watu wengi. Mwenye kuyajua huyalinda. Huyatoa kwa mwanafunzi au kwa malipo.

Wimbo wa kanisa ni kinyume cha hayo yote. Umetungwa ili usikike. Nguvu yake haipungui kwa kuimbwa na watu mia, bali huongezeka. Wimbo unaojulikana kuliko wote katika makanisa ya Wacherokee huimbwa kwa sauti ya Amazing Grace, lakini maneno yake si tafsiri ya shairi la John Newton. Ni wimbo mwingine, unaomhusu Mwana wa Mungu aliyelipa deni letu na atakayerudi. Simulizi za Wacherokee zinasema kwamba uliimbwa njiani makaburini, katika safari ya kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1838 na 1839. Watu wapatao 16,000 waliondolewa katika nchi yao kupelekwa eneo ambalo sasa ni Oklahoma, na inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Pasipo muda wa kufanya mazishi kwa taratibu kamili, wimbo unaojulikana na wote ulifaa kuliko maneno yanayojulikana na mmoja.

Hapa ndipo tunapoiona mantiki ya sanduku la Inali. Mtu mmoja aliweza kuongoza shule ya Jumapili na kumtibu jirani kwa maneno ya siri kwa sababu kazi hizo mbili hazikugombea nafasi moja. Moja ilikuwa ya jumuiya, nyingine ya mgonjwa. Moja ilitangazwa, nyingine ilinong'onwa. Mtu anayetunga mashairi ya harusi na kuandika barua za siri hatuulizi ni lipi kati ya hayo mawili analoliamini kwa dhati.

Mooney alimaliza wasifu wake mfupi wa Inali kwa kutamka kwamba mzee huyo, baada ya vyeo vyote hivyo, alikufa katika imani ya mababu zake. Hatuna sababu ya kumtuhumu kwa uongo. Hata hivyo sentensi hiyo ni ya kifasihi kuliko ilivyo ya kitaarifa. Inayapa maisha ya Inali mwisho wa hadithi, kana kwamba Uwesleyi ulikuwa safari na jadi ikawa nyumbani. Mmisionari angeandika mwisho wa kinyume kwa ustadi uleule. Lakini ushahidi ulio mbele yetu ni cheti cha mwaka 1848 kilichotunzwa karibu na mawe ya ramli. Sanduku halikupiga kura.

5. Mhusika anayeunganisha

Katika fasihi yetu, mhusika anayejaribu kuunganisha dini na jadi huwa na umri mfupi. Katika The River Between (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anataka kuwa Mkristo na pia mwanamke kamili wa ukoo wake. Anatahiriwa, anaugua, anakufa akisema kwamba anamwona Yesu. Waiyaki, anayeurithi mradi huo kwa njia ya elimu, anaishia mikononi mwa Kiama. Ngũgĩ ameipanga nchi yenyewe ili iwiane na mgogoro: Makuyu upande huu, Kameno upande ule, na mto Honia katikati. Ni mpangilio wenye nguvu kubwa ya kisanaa, na unaisema kweli ya kihistoria ya Kenya ya miaka ya 1920 na 1930. Lakini ni mpangilio wa mafungu. Mtu anayesimama mtoni hana mahali pa kulala.

Riwaya ya Diane Glancy, Pushing the Bear (1996), inachukua njia nyingine. Inasimulia safari ya 1838 kwa sauti nyingi fupi fupi, kila moja ikitanguliwa na jina la msemaji wake: Maritole, mumewe Knobowtee, Kasisi Bushyhead, askari, na wengineo. Bushyhead ni mtu wa historia. Jesse Bushyhead alikuwa mhubiri wa Kibaptisti aliyeongoza msafara mmojawapo. Katika riwaya mahubiri yake yanapakana na ngano za kale, na maandishi ya hati ya silabi yanajitokeza kati ya sentensi za Kiingereza. Dubu wa jina la kitabu ametoka katika ngano ya watu waliogeuka dubu. Maritole anamhisi kama uzito anaopaswa kuusukuma kila hatua, uzito ambao ni wa huzuni na pia wa ubinafsi. Hapo ngano inafanya kazi ambayo mhubiri angeiita ya toba.

Ubora wa riwaya hii, kwa maoni yetu, uko katika fani yake. Usimulizi wa sauti nyingi hauhitaji hakimu. Sauti ya kasisi haifuti sauti ya msimulizi wa ngano, wala haifutwi nayo. Ukurasa unazibeba zote mbili. Glancy, anayejitaja kuwa na nasaba ya Kicherokee kwa upande wa baba na aliye Mkristo, amezirudisha karatasi za Inali katika sanduku moja. Udhaifu wake nao unatokana na hapohapo. Kwa kuwa wote wanazungumza na msomaji moja kwa moja, hakuna anayenong'ona. Riwaya inaujua wimbo na mahubiri kuliko inavyoijua siri.

6. Pingamizi

Hoja yetu yaweza kupingwa kwa njia tatu. Kwanza, yaweza kusemwa kwamba tunapamba historia. Si kila misheni ilivumilia sanduku la namna hii. McLoughlin, katika Cherokees and Missionaries (1984), ameonyesha jinsi baadhi ya makanisa yalivyokataza ngoma, michezo na tiba za jadi kwa waumini wao. Mwaka 1827 White Path aliongoza upinzani dhidi ya mageuzi ya kikatiba na mwelekeo wa Kimisheni. Tunakubali. Lakini katazo lenyewe linathibitisha kwamba mipaka iliwekwa na wenye mamlaka kwa sababu waumini hawakuwa wakiiona.

Pili, urithi huu una doa. Wacherokee matajiri walimiliki watumwa wenye asili ya Afrika. Hesabu ya mwaka 1835 iliwataja 1,592, na watumwa walitembea katika safari ileile. Msomaji Mwafrika hana ruhusa ya kulipita jambo hili. Inafaa kukumbuka kwamba upinzani mkubwa dhidi ya utumwa ndani ya taifa hilo ulitoka katika makanisa ya Kibaptisti yaliyosali kwa Kicherokee chini ya Evan Jones, na katika jumuiya ya Keetoowah iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1850, ambamo waumini wa kanisa na washika mila walikaa pamoja. Ilichukua hadi mwaka 2021 kwa mahakama kuu ya Taifa la Wacherokee kuamua kwamba maneno yanayowabagua kwa misingi ya damu wazao wa walioachwa huru yaondolewe katika katiba. Urithi haugawanywi kwa haki kwa sababu tu umetajwa kwa jina la Mgawaji.

Tatu, na hili ndilo pingamizi zito, yapo mambo katika sanduku ambayo si yetu kuyasoma. Binti wa Inali alitoa ruhusa kwa sharti kwamba jambo hilo lisijulikane na watu wa nje. Baada ya miaka michache lilikuwa katika kitabu cha serikali. Ikiwa tofauti kati ya fani hizo mbili ni tofauti ya hadhira, basi kulichapisha neno la uganga ni kulibadilisha fani, kama vile kuisoma barua ya siri mimbarini. Ndiyo sababu makala haya yameueleza muundo wa maneno hayo bila kuyatoa. Kuna ulinganifu wa kushangaza na Afrika hapa: daftari la mganga Swimmer, lililoachwa na Mooney, lilikamilishwa na Frans Olbrechts na kuchapishwa mwaka 1932, Olbrechts huyo ndiye baadaye aliyeongoza jumba la makumbusho ya Kongo huko Tervuren, Ubelgiji. Mikono iliyotenga mafungu kule ndiyo iliyotenga mafungu huku.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maandishi ya Kicherokee ya karne ya 19 hayawezi kueleweka yakisomwa kama uwanja wa vita vya dini mbili. Hati ilikuwa moja, jina la Mungu lilikuwa moja, na mara nyingi mwandishi alikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni nani aliyesemwa naye na kwa sauti ya kiasi gani. Mhakiki anayeanza na fani ataiona imani ikifanya kazi. Anayeanza na imani atabaki na mafungu.

Jambo hili si la maktaba peke yake. Mwaka 2019 mataifa matatu ya Wacherokee yalitangaza hali ya hatari kwa lugha yao, wasemaji wa kuzaliwa wakiwa wamebaki wapatao 2,000, wengi wao wazee. Kanisa linaloimba kwa Kicherokee ni miongoni mwa mahali pachache ambapo lugha hiyo bado inasikika kwa sauti ya watu wengi pamoja. Wapo wanaohofu kwamba kuurithisha wimbo wa misheni ni kuurithisha ukoloni. Inali angewajibu kwamba wimbo uimbwe na wote wanaotaka kuujua, na maneno mengine yangoje kufundishwa kwa anayestahili, na mwenye kuyajua.